Barua ya wazi kwa Kyle Dubas: Crosby asichoshwe hadi aombe kuondoka

Kwa Bwana Kyle Dubas,
Rais wa shughuli za hoki na meneja mkuu, Pittsburgh Penguins

Pittsburgh, Septemba 2025

Salaam. Ulizaliwa 1985, kwa hiyo kiumri wewe ni mdogo wangu na shikamoo nakuachia wewe. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayobishania hoki ya barafuni nyumbani kwangu. Wa kukutafsiria hatakosekana.

Nimekulia Kigoma, barafu nikiijua ya kwenye ndoo ya soda tu. Hoki nimefundishwa na mwanangu. Alijiunga na ule mpango wa watoto ambao Sidney Crosby, nahodha wenu, anaufadhili pamoja na klabu yenu tangu 2008, mtoto anapewa vifaa vyote bure, kuanzia kofia ngumu hadi viatu vya kutelezea. Kwa mshahara wangu wa wakati ule, viatu peke yake vingenitoa jasho. Nalisema hili mapema ili ujue mizani yangu imeinama upande gani.

Sasa tuje kwenye maneno ya mtaani. Crosby ametimiza miaka 38 mwezi uliopita. Mkataba wake mpya, miaka 2 kwa dola milioni 8.7 kila mwaka, ndio kwanza unaanza msimu huu. Penguins hawajaingia hatua ya mtoano misimu 3 mfululizo. Basi watu wanamhamisha kila siku: leo yuko Montreal, timu aliyoishabikia utotoni na ambayo mwaka 1984 ilimchagua baba yake, aliyekuwa kipa, kesho yuko Colorado na Nathan MacKinnon, nyota wa huko na mtoto mwenzake wa Cole Harbour, Kanada.

Kwa wasomaji wangu waliozoea usajili wa Simba na Yanga: huku hakuna ada ya uhamisho. Timu zinabadilishana mchezaji kwa wachezaji, au kwa nafasi za kuchagua chipukizi kwenye drafti. Na Crosby hapelekwi popote bila kuridhia mwenyewe, mkataba unamlinda.

Kinga hiyo hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Hofu yangu ni kwamba hutamgusa hata kidogo. Utawapunguza mmoja mmoja wanaomzunguka, kama Jake Guentzel alivyokwenda Carolina Machi 2024, hadi siku nahodha atakapochoka kupigania nafasi ya mwisho na kunyoosha mkono. Halafu utasimama mbele ya vipaza sauti utuambie: ameomba mwenyewe. Itakuwa kweli, na bado utakuwa umemuondoa wewe.

Najua hesabu yako. Kikosi kimezeeka, na umeshaanza kupanda miche: drafti ya Juni umechagua vijana 3 raundi ya kwanza, wa kwanza wao Benjamin Kindel, nambari 11. Silaumu hilo. Lakini nauliza, huyu mzee ukimtoa utapewa nini? Klabu yako ina jibu lake kwenye makabati. Julai 2001 Penguins walimpeleka Jaromír Jágr Washington, aliyeongoza ligi mara 5 akiwa hapa kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao, kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Wakapokea chipukizi 3: Kris Beech, Michal Sivek na Ross Lupaschuk. Waulize vijana wa leo kama wanalifahamu hata jina moja. Lupaschuk alicheza mechi 3 tu katika NHL, ligi yenu kuu. Huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia, na Jágr alikuwa na miaka 29, si 38.

Wapo wanaonijibu kwamba balaa lile ndilo lililotuletea Crosby: timu ikaporomoka, ikashika mkia 2004, na mwaka uliofuata ikamchagua yeye wa kwanza. Hoja hii huwa naisikia kinyozini, na huwa inanikera. Baada ya msimu mzima kufutwa kwa sababu wamiliki waliwafungia wachezaji milango, bahati nasibu ya 2005 ya kuamua nani achague kwanza ilizihusisha timu zote 30, na Pittsburgh ilikuwa na mipira 3 kati ya 48. Mipira 3! Aliyeshinda bahati nasibu hawezi kwenda kuwafundisha wenzake uwekezaji.

Upande wa pili nao una haki yake, na hapa nakiri nasitasita. Ray Bourque alikaa Boston karibu misimu 21 bila kombe. Machi 2000 aliomba kuondoka, akapelekwa Colorado, na Juni 2001 Joe Sakic, nahodha, alipopokea Stanley Cup, kombe la ubingwa wa ligi, hakulinyanyua kwanza, alimkabidhi mzee. Watu wa Boston wenyewe wakajaa uwanjani mbele ya ofisi za jiji kumshangilia kwa kombe la timu nyingine. Niliiona picha ile nikanyamaza. Lakini Bourque hakuwa na hata moja. Huyu wetu ana 3: 2009, 2016 na 2017. Njaa yake si ile, ingawa najua mchezaji wa aina yake hashibi.

Na bado anacheza. Msimu uliopita alipata pointi 91, msimu wake wa 20 mfululizo wa wastani wa angalau pointi moja kwa mechi. Wayne Gretzky, gwiji wa zamani wa ligi, aliishia 19. Zimebaki pointi 36 tu amfikie Mario Lemieux, gwiji wa Penguins, kwenye rekodi ya klabu, Mario yule yule aliyempa chumba nyumbani kwake alipofika hapa akiwa na miaka 18. Unataka azifikie hizo 36 akiwa na jezi ya nani?

Ninachokuomba ni kidogo. Mwite kabla msimu haujaanza, umweleze waziwazi timu itakuwa na sura gani mwaka huu na mwaka ujao, bila kumpiga danadana. Akisema anabaki, mletee hata mshambuliaji mmoja anayejua kumalizia, usimwache na wanafunzi watupu. Akisema anakwenda, achague yeye mahali, nawe dai wachezaji ambao tumeshawaona wakicheza. Na ukija kwetu kutangaza, anza sentensi na "nimeamua".

Mwanangu anarudi mazoezini Oktoba. Jezi yake ya nambari 87, ile ya Crosby, imeanza kumbana mabegani, na kubwa yake si bei ya mchezo. Nilikuwa niinunue Jumamosi hii. Nimeamua kusubiri jibu lako kwanza.

Wako,
Mzazi wa mtoto wa Kigoma aliyejifunza kuteleza Pittsburgh