Hilo neno "halali" limetoka wapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba tangu afariki Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, kule Maskati, Disemba 30, 2024, "mrithi halali" wa kiti cha usultani wa Zanzibar anajulikana na hapana haja ya kubishana. Kuhusu marehemu sina neno, Mungu amrehemu. Ugomvi wangu ni na hilo neno "halali".

Mabishano yenyewe nimeyakuta mpaka Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe. Majuzi kijana mmoja kachukua chaki, kachora shajara ya ukoo kwenye ubao pale penye kahawa: juu Seyyid Said bin Sultan, chini matawi, mishale, na duara nene kwa mtoto wa Jamshid. Mwenzake akainuka na kikombe mkononi, akasema shajara imepinda, kiti ni cha kizazi cha Seyyid Khalid bin Barghash kwa kuwa Muingereza alimng'oa kwa mizinga. Walipandishiana sauti kana kwamba kiti kipo uani kinangoja kupanguswa vumbi. "Maalim, tuamulie," wakaniambia, maana baba zao niliwasomesha skuli. Nikawaamulia, lakini hawakuridhika hata mmoja.

Seyyid Said, aliyetawala Unguja na Omani pamoja, alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi kutoka Maskati. Mwanawe Majid alikuwa ndiye anayeshika Unguja, na mwanawe mwingine, Thuwaini, anashika Maskati. Barghash alikuwamo merikebuni pamoja na maiti ya baba yake. Walipofika aliiteremsha usiku, akaizika Makusurani kimyakimya, kisha akaenda Ngome Kongwe kutaka akabidhiwe. Jemadari wa Kibulushi akamkatalia. Basi! Historia ya nchi nzima usiku ule ilisimama mlangoni kwa askari mmoja, wala hakuna aliyefungua kitabu cha sheria kutazama nani mkubwa, nani mdogo.

Mwaka 1859 Barghash akajaribu tena, dada yake Salme akimuandikia barua za siri. Safari hii mabaharia wa Kiingereza walimsaidia Majid, na Barghash akasafirishwa Bombay. Mwaka 1870 Majid akafa, na muasi yule yule akakalishwa kitini. Ndiye aliyetujengea Beit al-Ajaib mwaka 1883 na kuleta maji ya bomba mjini. Baba yule yule, damu ile ile. Sasa nambieni, 1859 alikuwa haramu akahalalika vipi 1870?

Mwanawe Khalid alifuata nyayo za baba, ila saa yake ilikuwa mbaya. Kuanzia 1890 tulikuwa chini ya himaya ya Uingereza na hakuna wa kukalia kiti bila ya kukubaliwa na konseli, yaani balozi wa Kiingereza. Mwaka 1893 aliingia kasri akatolewa kwa maneno. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki, akaingia tena, na siku ya pili yake alipotakiwa atoke hakutoka. Tarehe 27, saa tatu za asubuhi, manowari za Kiingereza zikaanza kupiga mizinga. Dakika arubaini hivi, kasri la Beit al-Hukm likawa kifusi, na watu kiasi cha 500 wakafa au kujeruhiwa, wengi wao watumishi na watumwa ambao hakuna shajara inayowataja. Khalid akakimbilia kwa konseli wa Kijerumani, na siku ile ile Hamoud bin Mohammed akatangazwa Sultani. Wanaomtetea Khalid wanasema alidhulumiwa. Sikatai. Lakini kudhulumiwa ni jambo moja na kuwa mwenye haki peke yake ni jambo jingine.

Upande wa pili, wa Jamshid, nao wasinicheke. Mwaka 1861 mtawala wa Kiingereza kule India aliamua ugomvi wa ndugu hawa: Thuwaini abaki na Omani, Majid na Unguja, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Kwa hukumu ile ukoo wa Thuwaini haukuwa na chake hapa. Mwaka 1911 Ali bin Hamoud alipojiuzulu, kiti kikaenda kwa shemeji yake, Khalifa bin Harub. Harub huyo ni mtoto wa nani? Wa Thuwaini! Na Khalifa ndiye babu yake Jamshid. Kwa hiyo duara nene la kijana wetu limeangukia tawi lililokwisha katwa miaka hamsini kabla ya Khalifa kukalishwa kitini. Nilipomuonyesha alikuna kichwa, akasema chaki imekwisha.

Shamba la mikarafuu lina mirathi yake: kadhi anajua fungu la mke, la mtoto wa kiume, la wa kike. Kiti hiki hakikugaiwa hivyo hata siku moja. Kilikwenda kwa aliyekuwa na Ngome, baadaye kwa aliyependwa na konseli, na Januari 12, 1964 kikaondolewa kwa mapinduzi, siku 33 tu baada ya uhuru. Anayetaka kulia kwamba njia ile ya mwisho haikuwa ya kisheria ana ruhusa ya kulia, ila aanze kulia tangu 1856.

Kuna jambo moja limenikera kuliko yote. Shajara ile ilianza na Seyyid Said kana kwamba alikikuta kisiwa kitupu. Nikawauliza, "Na Mwinyi Mkuu?" Wakatazamana. Mmoja akauliza kama ni sheha wa zamani. Kumbe ndiye mtawala wa wenyeji wa Unguja. Magofu ya kasri yake yako Dunga, kwa daladala si mbali. Alikuwa na ngoma zake na siwa yake, yaani baragumu la enzi, vitu ambavyo mtawala wa Kiswahili hakuwa mtawala bila navyo. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki 1865, mwanawe Ahmed naye akafariki 1873, na baada yake hakusimikwa mwingine. Katika kelele zote hizi za warithi, sijasikia hata mmoja anayemgombea huyo.

Nikaokota kipande cha chaki kilichobaki nikaandika "Dunga" juu kabisa, kulipita jina la Seyyid Said. Kijana akaniomba nichore mstari wa kuunganisha.

"Hakuna mstari," nikamwambia, nikalipa kahawa yangu.

Maalim mstaafu,
Mkunazini, Unguja