Roboti na Michezo kwa Mkono Uliopooza: Inachosaidia na Pale Inapokosea

Ndugu wanaomleta mgonjwa wa kiharusi huuliza kama mashine itaurudisha mkono. Peke yake, hairudishi. Inachompa ni marudio mengi, na ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Watafiti wa Marekani walipohesabu, katika utafiti uliotoka 2009, walikuta kipindi cha kawaida cha tiba kina wastani wa marudio 32 tu ya kutumia mkono kwa kazi kama kufikia na kushika. Kwa roboti, mamia yanawezekana.

Mgonjwa anakaa wima, nyayo sakafuni, meza ikilingana na kiwiko. Mkono unalazwa kwenye kishikizo cha roboti, projekta inamulika picha za maembe ya mchezo juu ya meza, kamera inaufuata mkono, naye anayafikia moja moja. Kabla ya hapo tunapima bega. Likiuma au likiwa limelegea kutoka mahali pake, linategemezwa kwanza. Na nyumbani, tafadhali, msimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono huo.

Tunachokichunga zaidi ni msaada kuzidi. Roboti ikisukuma kila kitu, alama za mchezo zinapanda huku misuli imelala. Kwa hiyo tunapunguza nguvu yake mpaka mgonjwa aanze kukosa embe moja moja. Hapo ndipo anapofanya kazi. Tatizo jingine ni kuinama: kiwiko hakinyooki, kifua ndicho kinachosogea, lakini kamera inaona mkono umefika na kumpa alama. Dawa yake ni mkanda wa kifuani unaomshikilia kwenye kiti. Asiyetambua vitu vya upande wa kushoto anaanziwa katikati ya meza, kisha maembe yanasogezwa kushoto kidogo kidogo.

Msikubali kuuziwa roboti kama mbadala wa mtaalamu. Utafiti wa RATULS wa Uingereza, uliochapishwa 2019, ulikuwa na wagonjwa 770. Waliotumia roboti dakika 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12, hawakuwazidi wa tiba ya kawaida katika kuutumia mkono. Ndiyo sababu robo saa ya mwisho tunazima projekta na kufanya mazoezi kwa vitu halisi.

Siku ya kwanza mje na ripoti ya hospitali, orodha ya dawa, kikombe anachonywea chai na shati lake la vifungo. Kama ana kifafa, tuambieni kabla hatujawasha taa za mchezo.