Kipupwe hiki kinanitamanisha bustani bure

Ndugu Mhariri, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, kama ni mdogo basi marahaba.

Naandika kutoka Naliendele hapa Mtwara. Hivi wenzangu mmeona kipupwe cha mwaka huu? Julai hii, kusi linavuma ndiyo, lakini baridi hamna, usiku najifunika kanga tu wakati mwaka jana blanketi lilikuwa halitoki kitandani. Sasa hali ya hewa ikiwa hivi mimi mikono inawasha, nataka jembe, nataka kunusa ule udongo wa mvua ya kwanza, na ndo kwanza tuna miezi minne au mitano ya kusubiri maana sisi huku kusini hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga, mvua yetu ni moja, ikianza Novemba au Desemba ndo hiyohiyo mpaka Aprili.

Mwembe wangu nao umechanganyikiwa. Mwembe unapenda upate baridi ya usiku ndo utoe maua vizuri, ukikosa unaweza kuchipua majani tu, basi wa kwangu upande wa barabarani una maua kiduchu, upande wa jikoni umejaa yale majani mapya mekundu malaini. Nikasema haya, wewe na mimi sawa.

Wiki iliyopita maji niliyooshea mchele nikawa nayamwaga palepale karibu na jalala, siku ya nne nakuta mchicha umeota wenyewe, kama ncha za sindano za kijani. Nilichuchumaa pale mpaka chai ikapoa. Kesho yake asubuhi kuku wamemaliza wote.

Mtasema nimwagilie. Kwa maji gani jamani, udongo wetu mchanga mtupu, dumu zima linazama kabla hujageuka.

Wifi yangu yuko Ujerumani, aliwahi kuniambia winta ikiwa nyepesi watu wanaanza kuchungulia bustani Februari kabla spring haijafika, na eti vitunguu vya maua ya tulipu lazima vikae baridini wiki nyingi ndo vichanue. Nilimcheka sana. Sasa namwelewa.

Ombi langu Mhariri, gazeti lenu msimu huu ni salfa ya kupulizia mikorosho, mabomba, ubwiri unga ule ugonjwa wa mikorosho, bei. Sawa, korosho ndo inatusomeshea watoto, na harufu ya salfa tunaila mpaka barazani. Lakini bamia, matembele na kunde za nyuma ya nyumba ndo tunakula kila siku, hata nusu ukurasa mmekosa?

Mbegu zangu za bamia nimezichanganya na majivu nikazitia kwenye chupa ya soda, kila nikipita naitikisa kidogo. Kizibo kilipotea, nimeziba na kipande cha gazeti lenu, ukurasa wa bei ya korosho.

Mama Bustani,
Naliendele, Mtwara