Barua ya wazi kwa mafundi cherehani vijana wa Ngamiani

Wanangu na wajukuu zangu, Assalaam alaykum.

Nimepita barazani kwenu nikageuza nguo kwa ndani, maana huko ndiko fundi anakojulikana. Kwa nje mnashona vizuri kuliko tulivyoshona sisi, nalisema bila kinyongo. Lakini ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, imekata kitambaa mpaka karibu na uzi. Mama wa watu akijifungua akanenepa kidogo, gauni lake limekwisha kazi, na kitambaa alichokinunua kwa pesa yake mmekwisha kukifagia na vumbi la jioni.

Acheni inchi moja kila ubavu, mbele na nyuma. Hapo pana karibu inchi 4 za kupanulia. Sketi ya shule ipeni pindo la inchi 3, mlishone kwa mkono, ili mwakani mzazi alifumue kwa wembe nyumbani kwake. Mstari wa pindo la zamani utaonekana, na uonekane, mtoto amekua.

Na ninyi wenyewe je? Nasikia, "Mimi suruali tu," "Mimi madera tu." Mji huu ulishaponzwa na maneno hayo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, ukailisha Tanga miaka na miaka. Kamba za plastiki zilipoenea miaka ya 1960, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kilichobaki kilikuwa kikitupwa. Baadaye sana, kule Hale, mkoani humu humu, takataka hizo zikaanza kutoa gesi ya kuzalishia umeme. Jani ni lile lile, watu ndio waliogeuka.

Msiniambie samaki hukunjwa angali mbichi. Nimeona mafundi wenye mvi wakijifunza mashine za umeme kwa vijana wao, wakauliza bila haya, wakaweza.

Kimoja tu msikilegeze: siku ya ahadi. Ukimwahidi mtu kanzu ya Idi, naye akaenda kuswali na ya mwaka jana, usijitetee kwamba mambo yalibadilika. Umemdhulumu.

Sare za Januari zimeanza kukatwa. Kabla ya mkasi, choreni mstari wa pili wa chaki, inchi moja nje ya ule wa kwanza, mkate hapo.

Babu yenu,
fundi mstaafu, Ngamiani, Tanga