Jina la mume: badili nyaraka zote au usibadili hata moja

Mhariri,

Kila msimu wa harusi mabishano yaleyale hurudi: mke achukue jina la mume, au abaki na la baba yake? Wanaobishana hutaja heshima, mapenzi, mila na dini. Sisi tunaoshughulika na makaratasi ya ndoa, mirathi na mafao tunaomba nafasi tuseme jambo moja ambalo halisemwi sana. Jina likibadilishwa nusunusu, anayeumia ni mke, na mara nyingi huumia wakati mume hayupo tena wa kusema "huyu ni mke wangu".

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mumewe. Cheti cha ndoa hakibadili jina la mtu. Kinathibitisha kwamba watu wawili wameoana, basi. Karani anayemwambia mwanamke "umeolewa, kwa hiyo jina lako sasa ni la mume" anasema lililo mazoea kwake, si lililoandikwa katika sheria.

Wapo wanaoamini kwamba mke akibeba jina la mume, haki yake katika mali inakuwa na nguvu zaidi. Si kweli, na imani hii imewafanya wengi walinde jina wakaacha kulinda hati. Kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mke anaweza kusajili zuio juu ya nyumba hiyo. Kifungu cha 114 ndicho kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa pamoja. Hakuna kati ya hivyo kinachouliza mke anaitwa nani. Kesi iliyofungua njia kwa kazi za nyumbani kuhesabiwa kama mchango wa mke, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, inajulikana kwa majina ya wanandoa wenyewe: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mke alikuwa na jina lake, mume na lake.

Sasa tuone jinsi mkanganyiko unavyozaliwa. Tuseme binti anaitwa Rehema Juma Hamisi, ameolewa na Ally Said Mfaume. Vyeti vya shule vinasema Rehema Juma Hamisi. Kazini amejitambulisha kama Rehema Mfaume. Kliniki, karani amemwuliza jina la mume, akaandika kadi "Rehema Ally". Kwenye daftari la vikoba yeye ni Mama Mfaume. Kitambulisho cha Taifa bado ni Rehema Juma Hamisi, na jina hilo ndilo linalotokea mtu anapomtumia pesa kwa simu, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Hapo mtu mmoja ana majina manne. Mfaume akifariki, na fomu ya wategemezi aliyojaza kwa mwajiri wake inasema mke ni "Rehema Mfaume", mjane atatakiwa kuthibitisha kwamba ndiye huyo. Msiba haujapoa, yeye yuko kwenye foleni ya wakili. Waume nao wasikie: jina la mke kwenye fomu za kazini, bima na hifadhi ya jamii liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, si kama unavyopenda kumwita.

Mwenye kuamua kubadili ana haki hiyo, lakini afuate mpangilio.

Kazi inaanza kabla ya harusi. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa angalau siku 21 kabla, na makosa mengi huingia hapo. Bibi harusi aandike majina yake yote matatu, herufi kwa herufi, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hamisi si Hamis, Mohamed si Muhammad. Cheti cha ndoa ndicho daraja kati ya jina la zamani na jipya. Kikisema "Rehema J. Hamis", daraja limevunjika upande mmoja, na atakayelijua hilo ni ofisa wa miaka 15 ijayo.

Baada ya ndoa, wengi huchanganya kiapo na hati ya kubadili jina. Kiapo cha majina kinachosainiwa mbele ya wakili husema tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Hakifuti jina lolote. Kinafaa kwa anayetaka kubaki na jina lake huku akirekebisha karatasi moja iliyokosewa. Hati ya kubadili jina ni kitu kizito zaidi: mwenye jina anatamka kwamba ameliacha la zamani na kuanzia siku hiyo atatumia jipya kwa mambo yote. Hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi. Anayeisaini huku akiendelea kuweka saini ya jina la zamani benki anajipinga mwenyewe kwa maandishi.

Ndani ya hati jina jipya liandikwe kamili. Rehema Mfaume? Rehema Juma Mfaume? Rehema Ally Mfaume? Ushauri wetu ni kubakiza jina la baba katikati na kubadili la mwisho peke yake. Anayesoma Rehema Juma Mfaume pembeni ya Rehema Juma Hamisi huona mtu yuleyule haraka kuliko akikuta majina mawili kati ya matatu yamegeuka.

Kisha aende kwanza NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya Taifa. Benki, kampuni za simu, mamlaka ya mapato (TRA) na mifuko ya hifadhi ya jamii zote huangalia kitambulisho cha Taifa. Aliyeanzia benki ataambiwa jina halifanani na namba yake ya tarakimu 20, na kama benki ilikubali kimakosa, akaunti itamsumbua siku taarifa zikihakikiwa. Baada ya NIDA afuate laini ya simu, benki, namba ya mlipakodi, leseni, hifadhi ya jamii, bima ya afya na hatimiliki kama anayo. Pasipoti ipimwe kwa kalenda: ya kielektroniki ilianza mwaka 2018 kwa ada ya Sh150,000 na hudumu miaka 10. Anayekaribia kusafiri akumbuke kwamba tiketi na viza hufuata jina la pasipoti, hata kama kitambulisho kimeshabadilika.

Vyeti vya kidato cha nne havifuati ndoa. Vitabaki na jina alilosomea shuleni maisha yote. Kwa hiyo kila atakapoomba kazi, chuo au mkopo, nakala iliyothibitishwa ya hati ya kubadili jina iambatane na vyeti. Atengeneze nakala kadhaa mapema, na ya asili asiitoe nyumbani ovyo.

Na ndoa ikivunjika? Talaka yenyewe hairudishi jina la zamani. Inabidi hati nyingine, NIDA tena, benki tena, mzunguko wote upya. Hili lisemwe kabla ya kusaini ya kwanza, bila kuonekana kuwa ni uchuro.

Kuhusu heshima tutasema machache. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950 akiwa bado binti wa Saad. Bibi Titi Mohamed aliolewa zaidi ya mara moja, na Mohamed alibaki kuwa baba yake. Rais Samia Suluhu Hassan, mke wa Hafidh Ameir, alikula kiapo Machi 19, 2021 kwa jina la kwao. Dk. Asha-Rose Migiro, aliyezaliwa Mtengeti, alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kama Naibu Katibu Mkuu akiwa na jina la mume. Hatuoni ni ndoa ipi kati ya hizo ilipungukiwa heshima kwa sababu ya jina.

La mwisho, na ndilo linalotuuma zaidi, ni tangazo la kizazi. Karatasi hiyo hutolewa mama anapojifungua kituoni, na ndiyo inayozaa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Muuguzi akiandika jina la mama kuwa "Rehema Ally" kwa mazoea, mtoto anakuwa na mama ambaye hayupo kwenye kitambulisho chochote. Kosa litalala miaka mingi, hadi siku mtoto anapoomba pasipoti na kutakiwa kuonyesha nyaraka za mzazi. Wauguzi tunawaomba waombe kitambulisho na kunakili jina kutoka hapo. Na kina mama, kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, isomeni karatasi hiyo neno kwa neno. Kosa likionekana, lirekebishwe palepale kituoni, wakati daftari la wodi bado liko mezani.

Wasaidizi wa kisheria,
Morogoro