Shule ya ubongo na honi ya alfajiri

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kijana, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ile makala ya ubongo wa mtoto, yenye picha ya kichwa kinachowakawaka taa, ndiyo imenitoa kimyani.

Sayansi yake sina ugomvi nayo. Kwamba ubongo wa mtoto mdogo huunda miunganiko ya seli za neva zaidi ya milioni moja kila sekunde, naamini, nimelea watano. Ugomvi wangu ni kile kichwa cha habari cha kumtisha mzazi kwamba miaka mitano ikipita, basi tena. Mwenye chekechea moja hapa kwetu Kimara amekitoa kopi, akakibandika getini, na chini yake kwa kalamu nyekundu: masomo ya ziada jioni, Sh60,000, kuanzia miaka mitatu.

Mjukuu wangu ana miaka mitatu na miezi minne. Gari la shule humfuata saa kumi na moja na nusu alfajiri ili lizunguke hadi Mbezi na kurudi kwenye shule ambayo mimi na magoti yangu naifikia kwa dakika kumi. Mama yake humvalisha soksi akiwa usingizini. Juzi nikaenda kumchukua mapema, nikachungulia dirishani: watoto wapatao arobaini, mwalimu mmoja, wanaimba herufi kama kwaya, na wa kwangu amelalia daftari, udende unamtoka. Mwalimu akamgonga vidole kwa rula. Nilipouliza, akanijibu, “Babu, tunajenga ubongo.” Ubongo gani huo unaojengwa kwa rula na usingizi wa kuibia? Mtoto huyu kabla ya shule alikuwa akiniuliza maswali hadi nakimbilia chooni: kwa nini kuku hana meno, mwezi unalala wapi, wewe babu nani alikuzaa. Sasa anarudi jua limezama, anakula, anaandika moja hadi hamsini, anaanguka. Wiki ya tatu hii hajaniuliza kitu.

Na hiyo honi! Dereva haridhiki mpaka mtaa mzima uamke, hata wasio na mtoto wa kupeleka popote. Mahafali yao nayo, joho la kukodi na spika za DJ kwa watoto wasioweza kuvua kaptula wenyewe, nitayaandikia siku nyingine.

Lenye maana mlilibana aya ya mwisho, juu ya tangazo la magodoro. Kule Jamaika, miaka ya 1980, wahudumu wa afya waliwatembelea nyumbani watoto waliodumaa, saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, na vichezeo vya kutengeneza kwa mkono, wakiwaonyesha akina mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na watoto wao. Miaka ishirini baadaye kipato cha watoto hao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao ambao hawakutembelewa hivyo. Hakuna joho hapo. Lakini saa hiyo moja ataipata wapi mama aliyerudi kazini baada ya siku 84 za likizo ya uzazi, na baba ambaye sheria ilimpa siku 3?

Ombi langu: toleo lijalo, ukurasa mmoja uacheni mtupu, mzazi akunje mashua na mwanawe. Makala yenu tuliikunja Jumapili, tukaielesha kwenye beseni la maji, na swali likarudi: “Babu, mbona inazama?”

Tumieni karatasi nzito kidogo.

Babu wa Kimara,
Dar es Salaam