Kongresi imenyamaza, sasa mnataka na majimbo yanyamaze?

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kwamba California, kwa sheria yake iitwayo Proposition 12, inawapangia wafugaji wa jimbo la Iowa namna ya kufuga nguruwe nikashindwa kukaa kimya, maana mmeongelea bei mwanzo mpaka mwisho na hakuna sehemu hata moja mliyosema huyo nguruwe anakaa wapi.

Ngoja niseme mimi. Nguruwe jike akishika mimba anaibeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, mtu yeyote aliyewahi kufuga anaijua hiyo hesabu. Sasa kwenye mashamba mengi makubwa ya Marekani muda huo wote, au sehemu kubwa ya huo muda, anaumalizia ndani ya kizimba cha vyuma chenye upana wa kama futi 2 na urefu wa futi 7, yani futi 14 za mraba, anaweza kusimama na kulala ila kugeuka hawezi, akikaribia kuzaa anahamishiwa kizimba kingine, watoto wakishaachishwa kunyonya anapandishwa tena na anarudi palepale, na hayo ndo maisha yake mpaka siku ya kuchinjwa. Proposition 12, ambayo wapiga kura wa California waliipitisha Novemba 2018 kwa karibu asilimia 63, inataka futi 24 za mraba kwa kila jike wa kuzalisha na awe na uwezo wa kugeuka. Jamani, kugeuka tu!

Alafu mnasema ni kuwapangia watu wa majimbo mengine. Hapana. Sheria inagusa kinachouzwa ndani ya California, kwa hiyo mfugaji wa Iowa anayetaka kubaki na vizimba vyake anabaki navyo na anauza kwingine, na mfugaji aliyeko California kwenyewe anabanwa kwa kipimo hichohicho. Hata chama cha wazalishaji wa nguruwe, National Pork Producers Council, kilipoenda mahakamani hakikudai kwamba sheria inabagua watu wa nje. Ndo maana tarehe 11 Mei 2023 Mahakama ya Juu iliwakatalia, 5 kwa 4, hukumu ikaandikwa na Jaji Neil Gorsuch ambaye hakuna anayeweza kumwita mtu wa mrengo wa kushoto. Na sheria yenyewe wala haishiki kila kitu, inashika nyama mbichi ya vipande, soseji na nyama iliyowekwa juu ya piza hazimo, hilo nalo hamkuliandika.

Nakubali kuna sehemu mna hoja. California inakula karibu asilimia 13 ya nyama ya nguruwe ya nchi nzima na karibu yote inatoka nje ya jimbo, kwa hiyo gharama ya kubomoa na kujenga mabanda upya inamwangukia mtu ambaye hakupiga ile kura, na kwa mfugaji mdogo mwenye mkopo benki hilo sio jambo dogo, mimi silibezi. Ila soko lolote lina masharti ya mnunuzi, na hapa mnunuzi ni wananchi wa jimbo zima waliokaa wakapiga kura. Tena hawako peke yao, Florida walipiga marufuku vizimba hivi tangu 2002, Massachusetts nao wakapitisha sheria yao inayogusa mauzo mwaka 2016.

Kinachoniuma zaidi ni hili la kusema kazi hii waachiwe serikali kuu. Serikali kuu ipi? Animal Welfare Act, sheria ya ustawi wa wanyama ya 1966, imewaacha nje wanyama wanaofugwa kwa ajili ya chakula. Sheria ya uchinjaji ya 1958 inahusu kuchinja, na kuku inavyotekelezwa hawamo kabisa. Iko ya usafirishaji ya tangu 1873, inayokataza mnyama kusafirishwa zaidi ya saa 28 mfululizo bila kupumzishwa. Yani mnyama ana sheria akiwa kwenye gari na ana sheria akifika machinjioni, lakini kule shambani anakoishi siku zake zote hana sheria ya shirikisho hata moja! Na Kongresi, yani bunge la Marekani, ikitaka kuongea inasikika vizuri tu, mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilifuta sheria nyingine ya California kuhusu nguruwe wasioweza kutembea machinjioni, majaji wote 9 walikubaliana, kwa sababu sheria ya shirikisho ya ukaguzi wa nyama ilikuwepo tayari. Kwenye makazi ya shambani hakuna sheria ya shirikisho ya kuipinga Proposition 12.

Sasa angalieni muswada wa EATS uliopelekwa Kongresi 2023, kabla yake Steve King, aliyekuwa mbunge wa Iowa, alishajaribu kitu kama hicho zaidi ya mara moja kikakwama. Muswada huo ulitaka kuyanyang'anya majimbo nguvu ya kuweka masharti kwa mazao yanayotoka nje, na badala yake haukuweka kipimo chochote, hata hizo futi 14 za kizimba hazikuandikwa popote. Kama mtu anataka sheria moja ya nchi nzima mimi namuunga mkono leo hii, aje na kipimo mkononi.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika tena kuhusu bei ya nyama ya nguruwe wekeni pembeni yake hizo namba mbili, futi 14 na futi 24 za mraba, msomaji aichore mwenyewe sakafuni aone.

Msomaji wenu wa siku nyingi